Kalibu ya Baba

Ndugu zangu, nifuateni kidogo hadi kijiji kimoja kilichopakana na msitu wa miombo.

Palikuwa na mwindaji aliyelea wana wawili. Bunduki yake ilikuwa ndogo, ya zamani, na risasi za dukani hazikuienea. Kwa hiyo alitengeneza zake mwenyewe nyumbani. Kila kiangazi aliwasha mkaa nyuma ya jiko, akateleka kisufuria cha chuma, akayeyusha ndani yake vipande vya mabomba ya maji ya kale, yale ya madini laini ya risasi. Alitupia nta ya nyuki, uchafu ukapanda juu, akauengua kwa kijiko. Mwana mkubwa alibana kalibu, chuma cha kuumbia risasi kinachofunguka mfano wa koleo, mdogo alimimina. Kisha risasi zikadondoka juu ya gunia, zinang'aa, bado za moto, na wale ndugu wakicheka kwa furaha ya kazi iliyokubali.

Nanyi je, hamna kazi mliyoifanya zamani na ndugu yenu, ambayo mkiikumbuka hadi leo moyo unalainika? Kwa yule mkubwa, ilitosha asikie harufu ya nta motoni.

Baba akafariki. Siku ya kugawana vitu, wakakosana. Mkubwa akachukua bunduki. Mdogo akachukua kalibu, akasema, "Haya, kaka, bunduki ni yako. Tuone utapigia nini."

"Kaa na chuma chako," mkubwa akamjibu.

Basi, wakaachana hivyo, mdogo akahamia ng'ambo ya mto. Bunduki ikaning'inia ukutani haina risasi, kalibu ikakaa ng'ambo ya mto haina bunduki. Nguruwe pori wakala mahindi ya huyu, wakala mihogo ya yule. Mkubwa alipolitazama shamba lake lililofukuliwa, mara nyingi alitamani kuvuka mto. Akafika hadi kivukoni, akarudi. Alijiambia, mdogo ndiye wa kumwendea mkubwa. Miaka ikapita hivyo.

Kisha habari zikaja kwamba mdogo ameshikwa na homa, na kabla mkubwa hajajiandaa, zikaja nyingine kwamba amekufa. Sasa akavuka. Kwa maiti hakuona aibu kwenda.

Matanga yalipoanuliwa, mjane akamwita ndani, akavuta kopo kutoka uvunguni. Lilikuwa zito hata akalisukuma kwa mguu.

"Shemeji, hizi ni zako."

Akafungua. Limejaa risasi hadi mdomoni.

"Zangu kivipi?"

"Kila kiangazi mwenzangu alikuwa akiyeyusha. Nikamuuliza, unamtengenezea nani, nawe bunduki huna? Akasema, za kaka. Siku akija, asikose."

Mkubwa akaokota moja. Ubavuni ilikuwa na mshono mnene, kwa kuwa mtu anayemimina peke yake hawezi kuibana kalibu vizuri. Machozi yakamtoka.

"Mbona hakuniletea?"

"Alisema mkubwa ndiye wa kuanza," mjane akamjibu taratibu. "Na wewe, shemeji, ulikuwa unasemaje?"



Sasa sikilizeni. Mtu akiwauliza kilichowatenganisha wale ndugu, msiseme ni chuki. Mtu hamchukii nduguye akamtengenezea risasi kila mwaka. Walipendana hadi siku ya mwisho, na upendo wao haukumfaa yeyote. Nguruwe walikula.

Ndivyo tulivyo sisi. Tunaimba pamoja, tunasali pamoja, na uvunguni kila mmoja wetu ana kopo lake. Msamaha tumeshautoa moyoni, ila hatujaupeleka. Pole tumeshaipanga maneno, ila tunangoja mwenzetu aanze. Tunangoja nini? Matanga?

Mimi nimemaliza. Tukitoka hapa, wengine wetu tusishike njia ya nyumbani kwanza. Nawe unaujua mlango ninaokwambia. Nenda ukabishe hodi angali yupo wa kukuitikia.