Mtoto Aliyengoja Chemchemi

Sogeeni, sogeeni karibu. Masikio mnayo? Basi yafungueni, midomo mfunge. Hapo kale, kale ya babu za babu zangu, milima hii ilipokuwa bado inasema na watu na watu wanaisikiliza, palikuwa na kijiji huko juu, upande linakotoka jua. Mimi sikuwepo. Aliyenisimulia naye hakuwepo. Lakini kisa ni cha kweli, na atakayecheka atatoka nje.

Kwa nini nasimulia nikiwa nimenuna? Kwa sababu nimetoka uani sasa hivi nikakuta bomba linamwagika peke yake, mtu hayupo. Simtaji. Wewe Sifaeli unainama nini, kwani nimekutaja? Kaa vizuri usikilize.

Kijiji hicho kilikuwa na chemchemi moja. Moja tu, wajukuu zangu. Ilitoka chini ya mikuyu, ndani ya kichaka kizito ambacho jua halikuingia hata saa sita mchana. Maji yakashuka polepole mpaka kwenye ndiva. Ndiva mnaijua, lile bwawa dogo la udongo ambalo wazee walilichimba kwa mikono. Jioni linazibwa lijae, asubuhi linazibuliwa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa jirani. Mwenye kuzibua alikuwa mzee Mkanza peke yake, mtu wa maneno machache.

Na kichaka kile kilikuwa na mwiko wake. Unaingia na kibuyu, huingii na panga. Unachota, huoshi. Unaondoka, huachi kitu. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo walivyoishi.

Sasa, palikuwa na bwana mmoja, Mcharo, na mkewe Naseku. Walioana wakiwa vijana, wakapendana, ila mtoto hakuja. Mvua zikaja, zikaenda, mtoto hakuja. Mahindi yakavunwa, yakapandwa tena, mtoto hakuja. Ndugu wakamwambia Mcharo aoe mke wa pili. Akawajibu, "Huyo wa pili nitamweka wapi? Moyo umeshajaa." Mwanamume wa namna hiyo nimemtafuta mimi mpaka nimezeeka. Babu yenu asisikie.

Siku moja Naseku akaanza kutapika. Asubuhi anatapika, jioni anatapika. Uji haukai, maharage hayakai. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni, nacho ni magimbi. Akina mama wakamtazama, wakatazamana, wakamwambia Mcharo, "Mkeo ana mtoto." Mcharo akakaa chini palepale njiani akalia, na wapita njia wakampisha.

Alipomaliza kulia akaanza kufikiri. "Mke wangu akijifungua atakaa ndani. Atatakiwa ale ashibe, maziwa yatoke. Naye hali kitu ila magimbi. Magimbi yanataka udongo wenye majimaji. Udongo wenye majimaji uko wapi?"

Mnajua uko wapi. Msinijibu, najua mnajua.

Akachukua panga, akaingia kichakani. Akafyeka kidogo tu, pa kutosha magimbi ya mtu mmoja. Mzee Mkanza akamkuta.

"Mcharo, unafanya nini humu?"

"Ni kwa ajili ya Naseku, mzee wangu."

Kwao, mwenye mimba hanyimwi kitu. Ukimnyima anachokitamani umemnyima mtoto, ndivyo walivyosema, na hakuna aliyetaka kumnyima mtoto wa Naseku, mtoto aliyesubiriwa vile. Mzee akageuka, akaenda zake. Oneni hapo. Ubaya wa kisa hiki wote umefanywa na watu wema.

Maana kesho yake akaja mwingine. "Hata wangu ana mimba." Kesho yake mwingine. "Binti yangu naye." Asiye na mwenye mimba nyumbani akasema mkewe atabeba mwakani. Huyu akafyeka kidogo tu, na yule kidogo tu. Mikuyu ikaonekana inayatia magimbi kivuli, ikakatwa. Jua likaingia pale ambapo halikuwahi kuingia, na magimbi yakanawiri, majani yake mapana kama ungo.

Na maji je? Maji yakapungua. Ndiva ikajaa nusu. Kisha robo. Watu wakaanza kugombania zamu, ndugu kwa ndugu, wakashikana mashati mferejini. Kisha asubuhi moja mzee Mkanza akazibua ndiva, na hakikutoka kitu. Akasimama pale na mti wake wa kuzibulia mkononi, hajui aende wapi. Tangu siku hiyo wanawake wakawa wanashuka bondeni, mbali, mtoni kwa watu wengine, na kurudi juu jua linapozama.

Ni wakati huo Naseku akajifungua. Mtoto wa kike, macho makubwa. Na kwao ilikuwa hivi: mzazi akitoka ndani, mtoto anaogeshwa mlangoni kwa maji ya chemchemi, kila nyumba inaleta kata yake, kisha anapewa jina. Bila maji yale hakuna jina. Lakini Naseku hata kutoka hakutoka, kwa sababu palikuwa na jambo kubwa kuliko jina.

Magimbi yalikuwa yamejaa mpaka darini. Maji ya kuyachemshia hakuna, na Mcharo hakuthubutu kumwacha mzazi peke yake kutwa nzima ashuke bondeni. Mcharo akamchomea jivuni, Naseku akatafuna, koo likakataa. Na mtu asiyekunywa hatoi maziwa, wajukuu zangu, hata mumpe chakula cha mfalme. Mtoto akanyonya, akakosa, akalia. Akanyonya tena, akakosa, akalia kidogo. Mwishoni hakulia kabisa, akawa anamtazama mama yake tu.

Naseku akasema taratibu, "Mume wangu, sitaki magimbi. Nipe maji."

Mcharo akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia yote. Panga, kichaka, mzee Mkanza, yote. Naseku akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Akamshika kichwa, akasema, "Najua ulinipenda. Lakini ulinipenda ukasahau kwamba na mimi nakunywa chemchemi moja na wenzangu."

Wakiwa hapo, mlango ukasukumwa. Akaingia bi Nakiete, jirani yao, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji, kwa hiyo lilikauka la kwanza. Alikuwa ametoka bondeni, miguu ina vumbi mpaka magotini, kibuyu begani.

Mcharo hakuweza kumtazama. "Mama, maharage yako yamekauka kwa ajili yangu."

"Najua. Nina macho mimi. Na nitakugombeza, usidhani nimesahau. Toka hapo kwanza mzazi anywe."

Naseku akanywa. Akanywa tena. Maziwa yalirudi polepole, siku ile kidogo, siku iliyofuata kidogo. Akina mama wakapatana wenyewe, bila baraza, bila mzee kuulizwa: kibuyu cha kwanza kupanda kutoka bondeni, cha mtu yeyote, kinakwenda kwa Naseku. Watu walewale ambao mashamba yao yamekufa. Mtoto akapona. Ngojeni nijifute macho.

Haya. Mcharo akaenda chemchemini mchana kweupe, watu wanamwona. Akawaambia, "Sikuja kumwambia mtu ang'oe magimbi yake. Nimekuja kung'oa yangu." Akang'oa. Wengine wakasimama wakitazama, kisha mmoja akainama, na mwingine, mpaka kichaka kikabaki uwanja wa matope makavu. Wakapanda mikuyu midogo. Mcharo akawa anashuka bondeni mara mbili, safari moja kwa ajili ya nyumba yake, safari moja kwa ajili ya miche. Waliomcheka wapo. Bi Nakiete hakumcheka, alimgombeza kila siku kama alivyoahidi, huku anamshikia kibuyu.

Wazee wakamwambia, "Mwogeshe mtoto kwa maji ya bondeni, apate jina." Mcharo akakataa. "Hayo ni ya wenyewe. Mimi nimekausha ya kwake, nitamrudishia ya kwake." Basi mtoto akakua bila jina. Akatambaa bila jina, akatembea bila jina, meno yakaota, yakang'oka, yakaota mengine. Watu walimwita mtoto wa Mcharo. Watoto wenzake walimtania, mnajua mlivyo.

Akawa anamuuliza, "Baba, jina langu liko wapi?"

"Liko chini ya ardhi, mama. Linakuja."

"Litakuja lini?"

Mcharo akachukua kibuyu. Alikwenda akamwagilia mkuyu, akalia hukohuko ili binti asimwone.

Miaka ikapita. Mikuyu ikashikana majani, kivuli kikarudi, ndege wakarudi. Kisha asubuhi moja Mcharo akaingia kichakani, akakanyaga, na mguu ukalowa.

Hakupiga kelele. Alikwenda kumchukua binti yake na Naseku. Kijiji kikakusanyika, kila nyumba na kata yake, kama desturi. Mzee Mkanza akaletwa akishikwa mkono. Maji yenyewe yalikuwa kidogo, yanatoka yakisitasita, na kuzijaza kata zile kulichukua asubuhi nzima. Binti akasimama katikati yao, mkubwa, hapakatiki tena. Akazitazama kata zote, akautazama mfereji mkavu.

"Baba, ndiyo yote haya?"

"Kwa leo ndiyo yote."

"Basi mimi kata moja inanitosha. Mengine myamwage mferejini yaende kwa bibi jirani yetu, shamba lake ni la mwisho."

Mcharo akachukua kata moja, akammiminia kichwani taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha wazee wakauliza, "Anaitwa nani?" Naseku akajibu, "Anaitwa Nakiete."

Bi Nakiete akasema, "Na jina langu mmelichukua, kama maharage yangu." Halafu akamkumbatia yule mtoto na maji yake yote, akalia mpaka nguo zao zikalowa kwa pamoja.

Sasa nisikilizeni. Hakuna aliyeikausha chemchemi ile kwa chuki. Kila mmoja alichukua kidogo tu, kwa ajili ya ampendaye. Basi mkichota, choteni mkimkumbuka wa mwisho kwenye mfereji, maana naye ana mtu wake. Na mti ulio juu ya maji uacheni, hata kama mna sababu nzuri. Hasa mkiwa na sababu nzuri.

Kisa changu nimekitua chini. Wa kukibeba akibebe, wa kukiacha akiache, mimi mgongo unaniuma.