Kwa Nini Sarafu Kuukuu Haisuguliwi

Mnashangaa kumwona mkusanyaji wa sarafu akiinyanyua senti nyeusi kama masizi na kuiviringisha kwenye pamba? Zamani haikuwa hivyo. Zamani sarafu zote ziling'aa. Kila siku ya gulio watu walizisugua kwa majivu na ndimu, na mwenye sarafu chafu alichekwa sawasawa na mwenye nguo chafu.

Aliyechekwa zaidi ni Nakijwa, mfinyanzi wa mlimani. Alirithi kwa bibi yake senti ya shaba, senti ya kawaida tu iliyozunguka masokoni miaka na miaka, mpaka siku wazee walipoichonga mapengo saba ukingoni na kumpa bibi iwe ushahidi kwamba chemchemi ni ya ukoo wake. Nakijwa alishinda na udongo mikononi; angesugua saa ngapi?

Basi jirani yake, Mrindoko, akaibuka na senti inayong'aa, nayo ina mapengo saba, akadai chemchemi ni yake! Shauri likapangwa siku ya gulio. Nakijwa akishindwa, maji hana, vyungu hana, na wanawe watakula nini?

Asubuhi hiyo aliona haya kupeleka uchafu mbele za watu. Akachota majivu, akakata ndimu. Mara pembe ikalia kuwaita barazani. Akaitupa ndimu, akaifumbata senti vilevile ilivyo, akatimua mbio.

Watu walipoiona wakaangua kicheko. Mzee Kiangi, mwamuzi, hakucheka. Aliziweka senti zote mbili juani, akachokoa mapengo kwa mwiba. Baraza zima likasimama kuchungulia.

“Mrindoko, yako imesuguliwa,” alisema. “Mapengo haya huenda ni ya kale, huenda ni ya juzi, nani ajuaye? Ya binti huyu yameota weusi mpaka ndani. Weusi huu hauchongwi kwa kisu.”

Mrindoko akainamisha kichwa, akakiri kwamba aliyachonga juzi. Vigelegele vikapasua gulio! Nakijwa alicheka huku akiifumbata senti yake, maana kidogo tu angeisafisha, na chemchemi yake ingekwenda na majivu.

Na tangu siku hiyo, wajuzi wa sarafu hawasugui. Mpelekee mmoja wao senti kuukuu, atatafuta kwanza weusi wake, na akiuona macho yatamtoka kwa furaha. Mpelekee iliyosuguliwa, hata iwe ya enzi za mababu, atakurudishia kiganjani na kukwambia ukanunulie chumvi.