Unga wa Nywele

Haya, bisha nikuone! Mimi Mshangama, askari wa miguu wa Mreno, niliwahi kukilisha kikosi kizima kwa kisingizio cha vichwa vyetu.

Enzi zile askari alipakwa unga kichwani siku ya gwaride, nywele ziwe nyeupe kama za wakubwa wa Ulaya. Ghala lilijaa unga, nasi tulikuwa tukilala njaa. Kapiteni Peshoto akatangaza, "Mwezi ukiandama, Gavana anakuja kutukagua. Asiye na kichwa cheupe, viboko! Atakayelamba unga, viboko!"

Nikapiga saluti. "Bwana Kapiteni, gunia moja halitoshi. Nywele zetu za kipilipili hunywa unga kama mchanga unavyokunywa maji."

"Mawili basi."

"Mawili yataishia masikioni, bwana. Gavana akiona kichwa cheusi, ataulizwa nani?"

Akatoa manne.

Siku ilipofika tulijipanga, vichwa vinang'aa kuliko meno. Gavana akasema, "Hongera, Peshoto! Tena vijana wako wamenawiri!"

"Ni nidhamu, Mheshimiwa," Kapiteni akajibu, kifua mbele.

Nidhamu gani? Unga wote tulishausonga ugali, tukala tukashiba. Vichwani tulijipaka chokaa, ile aliyotupa tupake kuta za ngome.

Unacheka? Basi kuna kipande nimekiruka. Chokaa ile ilitunyonyoa nywele kikosi kizima. Usiniulize kwa nini hii kofia siivui hata nikilala.