Mchi wa Bi Mzuwanda

Kitendawili! Ana masikio mawili, na bado ni kiziwi. Mmeshindwa? Mji wenu siutaki leo, wajukuu zangu, nimechoka. Jibu mtakutana nalo mbele.

Mlikuwa mkibishana kwa habari ya redio moja, nami nikasema: Mbiu moja haivushi mto. Mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Mto ulitenganisha vijiji viwili, chetu na cha Ng'ambo, na kila kijiji kilikuwa na mpiga mbiu wake. Wetu, Mzee Shekuwe, hakushika pembe kabla ya kunywa uji kwa jumbe. Na desturi yetu ilikuwa hii: mbiu ya Ng'ambo ikilia, wanawake wa huku hutwanga kwa nguvu, maneno ya wale yasisikike.

Mwaka huo majumbe waligombania malisho. Asubuhi moja Shekuwe akapiga pembe: "Ng'ambo kuna ndui! Asivuke mtu!"

Bi Mzuwanda, mkunga wetu, alikuwa na binti aliyeolewa huko, Semeni, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia.

"Shoga," jirani akamwambia, "si uwaulize wa kule?"

"Niwaulize wale? Shekuwe hajatudanganya hata siku moja."

"Labda akisema hajashiba uji."

Wakacheka. Bi Mzuwanda akasema atakwenda ndui ikipungua.

Kesho yake mbiu ya Ng'ambo ikalia. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Wanawake wakatwanga, naye akatwanga kuliko wote, masikio yake mawili yasisikie kitu.

Siku ya nne akaenda mtoni, akawaona wanawake wa kule wakifua, ngozi zao safi, hata kipele hakuna. Mmoja akapaza sauti:

"Pole na msiba, mama!"

"Msiba upi?"

"Kwani hukusikia? Mtoto alitanguliza miguu. Hakuna aliyejua kumgeuza. Tulikuita, mama, tukakuita."

Aliacha mtungi palepale, akavuka maji yakimfika kifuani. Akamkuta Semeni amelala, mikono mitupu.

"Mama, mbiu ililia mara tatu. Ulikuwa unafanya nini?"

Mama akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akamfulia nguo. Siku sita, kazi hiyo hiyo. Ya saba, akimfunga tumbo kwa kanga, akaliachia fundo.

"Nilikuwa natwanga, mwanangu," akasema. "Mbiu moja haivushi mto."