Kivuli cha Saa Sita

Mzee mmoja wa upande wa Masasi aliwaachia wanawe wawili shamba la mihogo na mwamba mmoja. Shamba waligawana. Mwamba haugawanyiki, basi wakakubaliana kwamba utakuwa wa mdogo, Damasi, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani kulima. Kiwanja kilichopakana na mwamba, upande wa mawio, kikawa cha mkubwa, Silvano, ambaye alikuwa fundi mjini akijenga nyumba za watu.

Msiudharau mwamba ule. Mihogo ya kule ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Unaimenya, ukaianika mwambani juani siku nyingi mpaka iwe makopa makavu yanayolia yakigongana, ndipo utwange unga. Na mwamba wa Damasi ulikuwa chini ya kilima. Jua likishapita utosi tu, kilima hulificha. Kwa hiyo jua lake lilikuwa ni la asubuhi, na jua hilo ndilo lililomlisha yeye, mkewe Apolonia na binti yao Skola.

Silvano akarudi kutoka mjini akiwa na nia ya kujenga ghorofa. Watu wa pale walikuwa na desturi. Anayetaka kujenga karibu na mwenzake husimamisha mti mrefu kama nyumba itakavyokuwa, na majirani hukaa pale tangu jua linapochomoza hadi linapozama, wakila na kupiga soga, wakitazama kivuli cha mti kinavyotembea. Kikigusa riziki ya mtu, anasema. Ni desturi ya kuchosha, nakubali. Siku nzima inakwenda hivyo, na ugali wa kuwalisha wazee wote wale si mdogo.

Silvano akasema hayo ni mambo ya kizamani, yeye ana njia bora. Akawakusanya majirani nyumbani kwa Damasi, akafunga madirisha mchana kweupe, akaweka sakafuni nyumba ya karatasi ngumu aliyoikata kwa mkono wake, yenye milango na ngazi, na nyuma yake jiwe bapa badala ya mwamba. Akawasha tochi. Alifundisha vizuri, sitaki kumnyima haki yake. Aliwaonyesha kwamba nuru huenda moja kwa moja, haijui kukata kona. Aliwaonyesha kwamba kivuli si kitu, ni mahali ambapo nuru imezuiwa isifike, na kwamba kitu kikisogezwa karibu na tochi kivuli chake hunenepa ukutani. Skola aliweka kiganja mbele ya tochi akacheka kuona vidole vyake vimefika darini. Kisha Silvano akainua tochi juu, wima kabisa, akasema, "Jua lenu hilo." Kivuli cha nyumba kikajikunja chini ya kuta kama kuku aliyeatamia. Jiwe likabaki jeupe lote.

Apolonia akanyoosha mkono. "Shemeji, hebu nami niishike."

"Mwache mwenye kujua!" Damasi akamkemea mkewe. Alikuwa ameona aibu, maana ilikuwa kama mwanamke yule anamshuku kaka yake mbele ya watu. Apolonia akarudisha mkono. Majirani wakapiga makofi, Damasi akaridhia, na mti haukusimamishwa.

Sasa nisikilizeni. Silvano hakusema uongo. Kila alichowaonyesha ni kweli, na kama ningekuwapo ningepiga makofi pamoja nao. Aliwaonyesha saa sita tu, basi. Kama alifanya kwa kujua au kwa kupitiwa, hayo ni yake na Mungu wake. Lakini niambieni, mtu aliyejenga nyumba maisha yake yote hajui jua linachomoza wapi?

Ghorofa likapanda. Damasi akawa anaamka anakuta mwamba wake uko kivulini, na kivuli hakiondoki mpaka adhuhuri inakaribia, na adhuhuri ikipita kilima kinapokea zamu. Makopa yakaota ukungu nje na kubaki laini ndani. Alinung'unika, lakini kwa mkewe tu. Kwa kaka yake alikwenda kunywa chai, akasifu ngazi, akarudi nyumbani kimya. Watu wengi ndivyo tunavyoishi na ndugu zetu, tena tunaita jambo hilo amani.

Mwaka ule mvua ikakatika mapema. Njaa haingoji makopa yakauke. Wakayatwanga yakiwa mabichi moyoni, wakasonga ugali, wakala. Ulikuwa mchungu, wakasema ni midomo yao tu iliyochoka. Skola alikula kuliko wote, kwa kuwa wazazi wake walimwachia.

Asubuhi moja mtoto alitaka kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imekakamaa. Hospitalini wakasema ni sumu ya mihogo, na kwamba miguu ya namna hiyo hairudi kama ilivyokuwa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, akamnyamazisha na mkewe ili alisikie vizuri, na guu lililovunjika ni la mtoto wake. Nasema hivi huku moyo unaniuma.

Damasi akambeba binti yake mgongoni, akapanda naye ngazi zile alizozisifu, akamketisha sakafuni kwa kaka yake, miguu imenyooka mbele. Silvano alipoiona alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akaenda kabatini, akaitoa nyumba ya karatasi ambayo alikuwa ameihifadhi kama pambo, akaiweka chini mbele yao, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Mdogo wangu," akasema, "si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha, kaka. Tochi uliishika wewe."

Silvano akainuka. Akafunga madirisha, akamkabidhi Damasi tochi. Damasi hakuinua mkono juu. Aliinama, akaishusha tochi mpaka karibu na sakafu, mbele ya nyumba ile, upande ambao siku huanzia. Kivuli kikatoka chini ya kuta. Kikalala sakafuni, kikarefuka, kikapita mahali ambapo jiwe lingekuwa, kikaendelea mpaka kikafunika miguu ya Skola. Mtoto akajaribu kuivuta miguu yake itoke gizani, ikashindikana. Silvano akageuza uso. Kesho yake kulipopambazuka, ghorofa lilikuwa palepale.

Ndugu zangu, ni mangapi mliyokwisha kuyaridhia kwa sababu aliyewamulikia alikuwa mtu wenu, nanyi mkaona aibu kunyoosha mkono na kusema, hebu nami niishike?