Mama Aliyefunga Skrubu kwa Kurudi Nyuma

Usiipite hii kwa sababu ni ndefu. Mimi nimetumiwa na shemeji yangu, yeye katumiwa na muuza mafuta ya taa, na huyo muuza mafuta sijui kaipata wapi. Isome mpaka chini, halafu umpe na mwenzako.

Palikuwa na kijiji kimoja huko nyanda za juu, kwenye baridi na mashamba ya miti ya mipaina. Watu wa kijiji kile waliishi kwa mbao. Wakataji walikuwa na ushirika wao, na ushirika ulikuwa na chenso kumi na nne. Chenso ni ule msumeno wa mnyororo unaonguruma, unaoangusha mti kabla chai yako haijapoa.

Sasa, chenso ina kelele nyingi na sifa nyingi, lakini kinachoishikilia ni skrubu. Ziko bolti nyembamba zinazoingia kwenye chuma. Ziko skrubu nene zinazoingia kwenye plastiki, na hizo ndizo zinazoshika mpini. Ziko pia nati mbili ubavuni, zinazobana kifuniko cha mnyororo. Kosea moja tu hapo, mkataji anaweza kurudi kwake akiwa pungufu ya vidole, au asirudi kabisa.

Kwenye karakana ya ushirika alikuwepo mama mmoja, jina lake Yusta. Kazi yake ilikuwa kuosha vipuri kwa petroli. Fundi mkuu anafungua, Yusta anaosha. Miaka kumi na moja, hiyo hiyo. Mikono yake ilinuka petroli hata siku ya Jumapili, na wanakwaya wenzake walimtania kwamba asisimame karibu na mishumaa.

Kabla ya hapo alikuwa akibeba mbao kichwani, kutoka msituni hadi barabarani, kama wanawake wengi wa kule. Shingo yake iliharibika kwa kazi ile. Daktari alimwambia waziwazi: mama, ukirudi kubeba, hutafika mbali.

Basi, fundi mkuu akazeeka, akaaga, akaenda kuishi kwa mwanawe mjini. Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Luvanda, mtu mfupi wa maneno na mfupi wa subira, akaita mkutano.

"Tunataka fundi mkuu mpya," alisema. "Atapatikana kwa shindano. Anayejiamini ajitokeze. Na kazi ya kuosha vipuri tumeifuta. Fundi mpya atafungua, ataosha, atafunga mwenyewe."

Mnaona? Kwa sentensi moja tu Yusta alikuwa ameshapoteza kazi. Ama ashinde, ama arudi kwenye mbao na shingo ile ile. Aliogopa sana mama wa watu. Lakini akanyoosha mkono.

Watu wakacheka. "Muosha vipuri naye!"

Mtu wa pili kujitokeza alikuwa Lameki, fundi kijana kutoka mjini. Alikuja na sanduku lenye spana zinazong'aa, na bisibisi ya betri inayozunguka yenyewe. Alipoibonyeza ikalia vrrr, na wanaume wazima wakasogea kuitazama.

Siku ya shindano, ziliwekwa chenso mbili mezani, zote zimefunguliwa mpaka mifupa. Skrubu, bolti na nati za kila chenso zilichanganywa kwenye sahani ya bati.

"Mmalize kufunga, muwashe, mkate vipande vitatu vya duara, visahani vya mbao, kwenye gogo lile," alisema Mwenyekiti. "Wa kwanza ndiye fundi. Anzeni!"

Lameki hakungoja. Skrubu inaingia, vrrr! Nyingine, vrrr! Ikikaza kidogo, anaegemea kwa bega, inaingia kwa lazima. Watu wakaanza kupiga makofi kwa kufuata mlio wa ile bisibisi.

Yusta kwanza alitandaza kitambaa. Akazitenga skrubu kwa kuzipapasa tu, za chuma huku, za plastiki huku, macho yake yakiwa kwenye mashine. Kisha akachukua bisibisi ya mkono, ya kawaida, mpini wake umefungwa raba ya baiskeli. Akaweka skrubu ya kwanza kwenye tundu lake, akaizungusha. Kushoto.

Palizuka kicheko, nakwambia, mpaka kuku waliokuwa chini ya meza wakatawanyika.

"Mama, unafunga au unafungua?"

"Kulia, mama! Kufunga ni kulia!"

"Najua," alisema Yusta, bila kuinua kichwa.

Aliizungusha kushoto polepole, kidogo tu, mpaka akaisikia ikidondoka ndani, *tk*. Hapo ndipo akaigeuza kulia, ikaingia laini kwa vidole viwili. Ya pili hivyo hivyo. Kushoto, *tk*, kulia. Ya tatu hivyo hivyo. Mkataji mmoja aliyeitwa Ditriki, jitu refu lenye sauti kama yeye mwenyewe ni mashine, akasema, "Jamani, kwa mwendo huu tukalale, tutaamshwa akimaliza."

Nusu saa haijaisha, Lameki akavuta kamba. Chenso ikanguruma! Akakata kisahani cha kwanza, cha pili, cha tatu. Watu wakamrukia, kofia zikarushwa juu.

"Fundi wetu ni Lameki," Mwenyekiti akatangaza. "Mama Yusta, basi. Imekwisha."

Yusta alikuwa amebakiwa na skrubu tano.

"Siwezi kuacha mashine wazi, Mwenyekiti," alisema. Akamalizia zote tano, kwa utaratibu ule ule, akaifuta chenso, akaiweka vizuri mezani. Hakuna aliyeiwasha. Alichukua khanga yake akatoka, machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyemwona kwa sababu wote walikuwa wanapiga picha na ile bisibisi ya betri.

Hapo wengi wangeishia. Ngoja kwanza.

Ushirika ule una desturi ambayo haikuandikwa popote, lakini hakuna anayethubutu kuivunja. Chenso ikishakata, hata kama imekata ufito mmoja, hairudi kabatini mpaka ifunguliwe na kupulizwa unga wa mbao. Wakataji wa kule wanasema unga ukilala ndani ya mashine, kesho mashine inamlaza mtu. Kwa hiyo Ditriki akamwambia Lameki, "Fundi, hongera. Sasa ifungue, uipulize, uifunge, tuiweke ndani."

"Dakika tatu tu," akasema Lameki.

Akafungua. Akapuliza. Akarudisha skrubu ya kwanza ya mpini, vrrr. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Haikushika kitu. Akajaribu ya pili, nayo ikazunguka kama kijiko kwenye uji. Ya tatu vilevile. Bolti moja ya chuma iliingia nusu, ikakwama ikiwa imekaa upande, haiendi mbele wala hairudi.

"Hii mashine ni mbovu," alisema Lameki. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka, na baridi ya kule mnaijua.

Ditriki akasogea mezani. Akaushika ule mpini, akauvuta kidogo tu, kama mtu anayevuta mlango wa choo. Mpini ukabaki mkononi mwake.

Ditriki aliugeuza ule mpini mkononi. Halafu akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "Kesho asubuhi ningekuwa nayo mlimani. Mnyororo ungeruka usoni kwangu. Nina watoto wanne mimi."

Mwenyekiti akageuka kuitazama ile chenso nyingine, iliyofutwa vizuri, ambayo hakuna aliyeigusa.

"Yusta yuko wapi?"

Walimkuta barabarani kwenye lundo la mbao. Alikuwa ameshazungumza na msimamizi wa wabebaji, na sasa alikuwa anaisokota khanga yake kutengeneza kata ya kichwani. Ditriki ndiye aliyefika wa kwanza, anahema.

"Mama, rudi karakana."

"Mmesahau nini?"

"Tumesahau akili, mama. Rudi."

Yusta akarudi, na nyuma yake wabebaji wote wakaacha mbao zao wakamfuata, maana mambo kama haya hayasimuliwi, yanashuhudiwa.

"Iwashe," akasema Mwenyekiti. Akaiwasha, ikakata visahani vitatu, vyembamba na vilivyo sawa.

"Ifungue. Ipulize. Ifunge." Akafungua, akapuliza, akafunga. Kushoto, *tk*, kulia. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tena."

Akarudia.

"Tena!"

Akarudia mara ya tatu. Mwenyekiti akamwashiria Ditriki. Lile jitu likakanyaga mashine kwa buti, likashika mpini kwa mikono miwili na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mpini haukucheza hata kidogo. Wabebaji wakapiga vigelegele.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, kwa nini unarudisha nyuma?"

"Tundu lina njia yake, Mwenyekiti. Ilichongwa siku ya kwanza mashine ilipofungwa. Skrubu haijui njia iko wapi. Ukiirudisha nyuma kidogo inaitafuta, na ikiifikia inadondoka, unaisikia. Hapo ndipo unakwenda mbele. Ukiisukuma kwa nguvu, inachonga njia mpya juu ya ile ya zamani. Siku hiyo itakaza, utasifiwa. Siku ukiifungua, hakuna njia tena, ya zamani wala mpya."

"Nani alikufundisha? Wewe ulikuwa unaosha tu."

Yusta akainama kuifuta bisibisi yake. Mwenyekiti, ambaye nilishasema hana subira, akatoa simu akampigia fundi mzee aliyestaafu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Kamwene, fundi!" akamsalimu kwa lugha ya kule. "Huyu Yusta kajifunzia wapi kufunga chenso?"

Upande wa pili yule mzee akacheka hadi akakohoa.

"Kwani hajawaambia? Macho yangu yaliniacha miaka mitatu kabla sijaondoka. Skrubu nilikuwa siioni kabisa! Niliogopa mtanifukuza, nikamfundisha mama huyu, nikamwomba anitunzie siri. Nilikuwa nafungua kwa kupapasa, kisha nakaa mlangoni kupiga soga na ninyi. Aliyekuwa anafunga ni yeye. Chenso zote kumi na nne. Miaka mitatu. Sasa semeni ninyi, katika miaka hiyo, nani aliumia?"

Watu wakatazamana. Hakuna. Hata mmoja. Ilikuwa ndiyo miaka mitatu ambayo ushirika ule haukumpeleka mtu hospitali, na walikuwa wameshamchinjia yule mzee mbuzi wawili wa shukrani!

Ditriki akavua kofia yake. "Miaka mitatu," alisema, "nimepanda mlimani na skrubu za mama huyu mikononi. Na leo nimesema tukalale." Akatikisa kichwa. "Mama, nisamehe."

"Mwanangu, ulikuwa unarudi nyumbani mzima kila siku," akasema Yusta. "Mimi nilikuwa nakuona ukipita. Ilinitosha."

Mwenyekiti akapanda juu ya gogo. "Nilitangaza mapema, nilikosea, nafuta! Fundi mkuu wa karakana hii ni Yusta, kuanzia dakika hii. Na atakayemwita muosha vipuri aje akate kwa meno."

Basi hapo paliwaka! Wale wanawake wabebaji walizitupa kata zao, wakamwinua Yusta juu, juu kabisa, mabegani mwao, hao wenye kujua shingo inavyouma, wakamzungusha karakana yote kwa vigelegele. Ditriki alikuwa mbele akiwasha chenso moja baada ya nyingine, mpaka zote kumi na tatu zilizo nzima zikanguruma kwa pamoja na vijiji vya jirani vikadhani kumekuja jeshi. Yusta alikuwa analia na kucheka, na mara hii alitaka waone.

Walipomshusha, alimkuta Lameki anafunga sanduku lake polepole, kichwa chini.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimeshindwa."

"Wewe mikono yako ni myepesi, haraka ndiyo inakuponza. Mwenyekiti, nitahitaji msaidizi. Chenso kumi na nne si mchezo."

Mwenyekiti akakohoa, akasema sawa. Yusta akatoa skrubu moja kwenye chenso aliyoifunga, akamwekea Lameki kiganjani, akamwelekeza kwenye tundu lake.

"Zungusha kushoto. Usitumie nguvu. Sikiliza."

Lameki akazungusha, polepole, pumzi kaibana. Karakana nzima ikanyamaza ili kumsaidia kusikia.

*Tk.*

"Nimeisikia!" akapiga kelele. "Fundi, nimeisikia!"

Funzo: Ukimwona mtu anarudi nyuma kidogo, usikimbilie kumcheka, huenda anaitafuta njia iliyo sahihi, na kazi ya mtu usiipime siku inapofungwa ikapigiwa makofi, ipime siku inapofunguliwa.