Kichupa Kilichobaki Kwenye Friji

Mgeni alibisha hodi mlangoni kwa mshonaji mvua ikinyesha, mkononi ana kichupa kilichoviringishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Ndiyo kwanza amehamia chumba cha mwisho cha nyumba hiyo ya kupanga.

"Dada, nasikia humu mna friji. Mwanangu ana kisukari, na dawa yake ya sindano haitaki joto."

Mshonaji hakumjua hata kwa sura. "Lete," alisema. "Maadamu nipo, haitapata joto."

Siku hizo kuahidi kulikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Mumewe alikuwa na zamu kamili kiwandani, na friji ilijaa maziwa na mboga. Kisha bei ya unga ikapanda, ya umeme ikaifuata kama mkia. Kiwanda kikapunguza zamu. Maziwa yakatoweka kwanza, mboga zikafuata. Kichupa kikabaki peke yake kwenye rafu, kama yatima katika jumba kubwa.

"Mke wangu, hivi tunampoza nani?" mumewe aliuliza. "Sisi tunalala na uji mwepesi, chupa inalala na umeme! Mnunuzi wa vyombo vya zamani yupo. Tumuuzie friji."

"Na mtoto wa watu?"

"Na wako je?"

Maneno hayo yalimchoma kama mkuki, kwa kuwa binti yao alikuwa pale pale, akikwangua sufuria iliyokwisha kukwanguliwa.

Asubuhi mshonaji mwenyewe alimwita mnunuzi. Mnunuzi akaipiga friji kofi mlangoni, kama anayenunua ng'ombe.

"Mama, hii ndiyo inatoka?"

"Hiyo haitoki." Akamwonyesha ovaloki, mashine yake ya kufunga kingo za nguo, iliyokuwa ikimletea kazi za sare za shule. "Beba hiyo."

"Sasa utashona na nini?"

"Mungu amenipa vidole."

Mumewe akashika upande mmoja wa mashine na kusaidia kuitoa. Walijua wanauza kesho ili wanunue leo: unga kidogo, umeme kidogo.

Wiki iliyofuata mgeni alikuja kama kawaida kuchukua dawa, akakishika kichupa chenye ubaridi, akatabasamu.

"Dada, wenzetu mmejaliwa. Friji yenu haizimwi!"

"Haizimwi," mshonaji alijibu, akivificha nyuma ya kanga vidole vilivyotobolewa na sindano.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.